Shetani wa Jumanne

Assalaam alaykum, ndugu zangu wazazi! Wakubwa zangu, shikamooni! Alhamdulillahi, leo sinyamazi. Mwenyekiti kanipa dakika tano. Zikizidi mnivumilie, mdomo wangu mnaujua.

Mimi ndiye mama Mwanaidi, wa kidato cha tatu. Ndiyo, yule yule aliyekuwa anaanguka mwaka jana! Msigeuze nyuso, nyote mlisikia. Mwanangu alikuwa akipiga kelele darasani, anakakamaa, wenzake wanambeba hadi barazani. Wifi yangu akasema ni shetani wa upande wa kaka yake, yaani marehemu mume wangu, anadai kiti, yaani mtu wa kumpanda kichwani. Tukampeleka kusomewa, tukafukiza ubani, tukapika vyakula vya kumridhisha huyo shetani. Jumanne ikifika, puu! Mtoto chini.

Mkuu wa shule akaniita, akaniambia kwa upole nimchukue nikamuuguze nyumbani mpaka apone. Ndugu zangu, na mtihani wa taifa umekaribia! Binti akishakaa nyumbani miezi miwili mitatu, shule ndiyo basi tena. Wangapi tumewaona?

Lakini mimi mdadisi tangu utoto. Nikawa najiuliza: huyu shetani mbona Ijumaa hamwangushi? Mbona Jumatatu anamwacha mtoto anacheza netiboli? Na nilipokuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, mbona hakutokea hata mara moja? Nikamwuliza wifi. Akanijibu kwa ukali kwamba mashetani hawaulizwi ratiba. Hapo ndipo aliponiwasha zaidi!

Shuleni kuna mwalimu wa malezi, Mwalimu Rehema, ana chumba kidogo pembeni ya maktaba. Mimi nilidhani kile ni chumba cha watoto watukutu. Niliingia kuaga tu, kwamba namchukua mwanangu. Katika kuaga nikamsimulia habari ya Jumanne, kama mtu anayetoa kichekesho. Hakucheka. Akaniuliza, "Mama, Jumanne wewe unakuwa wapi?"

Ndugu zangu! Wote waliuliza habari za mtoto, hakuna aliyeuliza mimi niko wapi. Jumanne napeleka samaki wa kukaanga Msata, nawauzia abiria wa mabasi. Nilianza mara tu nilipotoka eda. Na babake Mwanaidi aliondoka kwa barabara hiyo hiyo, amepanda lori la kwenda Lugoba. Alituaga asubuhi, jioni tukaletewa maiti.

Mwalimu akamwita Mwanaidi, akamkalisha karibu yangu, akamwuliza Jumanne huwa anawaza nini. Mtoto akasema, "Mama, ukipanda gari nahesabu saa. Ikifika saa nne naona umeshakufa."

Ya Rabi! Na kwa nini hakuniambia? Kwa sababu nilipiga marufuku mwenyewe! Baada ya arobaini nilisema jina la babake lisitajwe, sitaki machozi nyumbani kwangu. Nilijiona jasiri, kumbe namziba mwanangu mdomo. Tulilia sote wawili mle chumbani, nikapenga kamasi kwenye mtandio mpya.

Mwanaidi hakutoka shule. Kila wiki alikwenda kuzungumza na mwalimu, na mimi nilipewa kazi yangu: nikifika Msata nipige simu ya mwalimu, mtoto asikie sauti yangu. Nyumbani tukaanza kumtaja babake, alivyokuwa akikoroma, alivyounguza wali. Alianguka mara mbili tena, sifichi. Kisha basi. Mtihani alifanya, akafaulu!

Dua nasoma bado, tena kwa shukrani, maana naamini Mungu ndiye aliyenipitisha mlango ule. Nawe mzazi, mwanao akibadilika usione haya, nenda. Ingia hata kama huna la kusema. Mimi niliingia kuaga.

Jumanne iliyopita nikapiga simu kutoka Msata kama kawaida. Nimefika, nipe Mwanaidi. Mwalimu akaenda, akarudi anacheka: "Anasema ana jaribio la hesabu, wewe uza samaki wako, mtaonana jioni."

Nilikaa juu ya ndoo pale stendi nikalia, mpaka abiria wakaniuliza, pole mama, umefiwa na nani? Nikawaambia, leo hakuna aliyekufa.