Dawa ya Kuongea

Lori la mboga lilikuwa likiteremka kutoka Mgeta. Paskalia amekalia gunia lake la karoti, na pembeni yake mzee mmoja mwenye macho mekundu, Anselmi, anamweleza shida yake. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe na yeye kupunguzwa kazi, usingizi haupati. Sasa anakwenda hospitali mjini kuonana na mshauri.

“Anakuchoma sindano?” Paskalia aliuliza.

“Hapana, mama. Tunaongea tu.”

“Kuongea! Mzee wangu, si ungekuja kwetu? Mume wangu angekuongelesha bure mpaka uzimie.”

Anselmi hakununa. “Miaka yote nilifanya zamu ya usiku. Mke wangu kazoea kulala peke yake. Nikijigeuza tu kitandani, anapiga kelele za mwizi.”

Paskalia alicheka mpaka akashikilia kamba ya turubai. “Basi kamwambie huyo mtaalamu wako kwamba kiwanda kimelala, ila wewe bado uko zamu!”

Lori likasimama sokoni. Paskalia alisubiri mzee naye acheke, lakini Anselmi alishuka taratibu, midomo ikimchezacheza. Alikuwa akiyarudia maneno yale kimoyomoyo, asije akayasahau mbele ya mshauri.