Kewal Singh na Sufuria Iliyorudi Safi

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Bwana Kewal Singh anatundika aproni baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la hospitali yetu. Ijumaa ni siku ya samaki na chipsi, kwa hiyo ataondoka akinuka mafuta, kama tulivyomzoea.

Alizaliwa Kisumu, akaja Birmingham akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa kumenya viazi. Alipofika kuwa mpishi mkuu, alikaanga samaki kila Ijumaa bila kuonja hata kipande, maana hali nyama wala samaki. Chumvi aliikisia kwa kutazama nyuso zetu.

Mtu huyuhuyu, kila Septemba, aliendesha gari kutwa nzima hadi Mto Tay, kule Uskoti. Huko alisimama kwenye maji baridi hadi kiunoni, akirusha ndoano iliyovishwa manyoya ili ifanane na nzi. Akibahatika kumpata samaki aina ya salmoni, alimshika taratibu, akamwomba radhi kwa Kipunjabi, akamwachia.

Mwenzake wa safari alikuwa marehemu mume wangu, Ignace, aliyekuwa akiosha vyombo humuhumu jikoni. Ignace alikulia Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, na kwao samaki akishatoka majini harudi. Safari ya kwanza, ndoano ya Kewal ilinasa koti la Ignace. Tundu bado lipo begani. "Papa Kewal, na mimi utanirudisha majini?" Ignace alimuuliza, akimwita Papa, yaani baba, kama wanavyoitwa wakubwa kwao. Kila mwaka alibeba sufuria, chumvi na pilipili, na kila mwaka sufuria ilirudi safi. Walibishana njia nzima hadi mlangoni petu, mtaa wa Shard End, kisha wakaomba chai kwa sauti moja.

Tangu tumzike Ignace, miaka miwili sasa, Kewal hajaenda mtoni. Anasema ni mgongo. Mgongo huohuo unainua magunia ya viazi bila shida. Wiki iliyopita alitaka kumpa Anish wa stoo fimbo yake ya kuvulia. Anish alikataa kwa niaba yetu sote, akasingizia kwamba anaogopa maji.

Bwana Kewal, asante kwa miaka yote, na kwa chumvi uliyoikisia vizuri. Tumekuombea kibali cha kuvua wiki nzima, Septemba hii. Sufuria ya Ignace nimeisugua; chumvi na pilipili zimo ndani. Ibebe. Tunakutakia maisha mema, nami naisubiri mlangoni, irudi safi kama kawaida. Chai itakuwepo.

Nabintu, jikoni