Mama Chapa, Aliyetufungulia Njia ya Reli

Mama yetu, Mama Chapa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka stesheni. Alisoma hadi darasa la nane, kisha chuo cha uhazili, akamaliza mwaka 1970 akiongoza kwa kasi ya kupiga chapa.

Mwaka huohuo aliajiriwa mahakamani, akapiga chapa hukumu za watu kwa miaka thelathini na sita. Ukimdanganya alikuwa anakwambia, "Mwanangu, huo utetezi nimeshaupiga chapa mara mia."

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, mlinzi wa reli. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1988 na vyuma vikang'olewa, lakini baba aliendelea kuilinda njia hadi alipostaafu mwaka 2010. Watu nao waliendelea kuipita, kwenda shule, zahanati, au kupunga upepo tu. Kisha kampuni ikanunua eneo lile, ikaweka senyenge na kibao cha kukataza watu.

Mama aliijua sheria: njia iliyopitwa wazi miaka ishirini, bila ruhusa na bila kuzuiwa, ni ya umma. Akazunguka nyumba kwa nyumba na mashine yake, akiwaomba watu wakiri kwa kiapo kwamba walipita pasiporuhusiwa. Jamani, nani mwingine angethubutu? Alipata viapo mia mbili na kumi na viwili. Kikabaki cha baba, mlinzi ambaye ndiye angethibitisha kwamba hawakuzuiwa.

"Nikisema niliwaona nikanyamaza, nimejivua nguo," baba alisema. "Nitaitwa mlinzi wa jina tu."

"Sikulazimishi, Baba Watoto," mama akajibu, akaendelea kumenya viazi. Wiki tatu nyumba ilipoa.

Tarehe 6 Juni 2017 baba alivaa sare yake ya zamani, akapanda kizimbani. Wakili wa kampuni akamuuliza aliwafanya nini wapita njia.

"Niliwasalimia."

"Wote?"

"Wote. Wa kwanza kila asubuhi alikuwa mke wangu."

Nilikuwepo. Mpaka leo mwili unanisisimka, maana baba hakuwa na kitu alichokithamini kuliko jina la kazi yake. Hakimu alitamka kilomita zote kumi na nane kuwa njia halali ya watembea kwa miguu.

Moyo ulianza kumsumbua mama mwaka 2021. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Baba ameomba jambo moja: jeneza lisipitie barabarani. Tutalibeba kwa njia ya reli hadi makaburini, yeye akitangulia na sare yake, mchana kweupe.

Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani.