Bi Hebu na Makontena Matupu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika bandari yetu ya mtoni, Bi Hebu, msimamizi wa upakiaji, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Tarehe hiyo ni ya kweli. Tunalisema hilo kwa sababu mwenyewe alipoambiwa, alikwenda kumuuliza meneja, kisha mhasibu, kisha mlinzi wa lango, aone kama majibu yanalingana.

Jina la Bi Hebu hakupewa na wazazi. Alilipata gatini kwa makuli, maana kila sentensi yake ilianza na neno hilo: hebu nione, hebu fungua, hebu rudia ulichosema. Ukimsalimia kwa furaha iliyozidi, alikuuliza unataka nini. Chai ya ofisini aliinusa kabla ya kuinywa, hata ile aliyoipika mwenyewe. Ofisi yake ni kontena kuukuu lililotobolewa dirisha la kuangalia mto. Baadaye aliomba dirisha la pili, upande tunaokaa sisi wenzake, akapewa.

Alianza kama karani wa lango, enzi ambazo mizigo ya bara ilipanda mto kwa magunia. Yalipokuja makontena, sote tulishangilia. Yeye hakushangilia hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na sasa nguo zenyewe zimekuja za chuma, tena zimefungwa.

Alituchosha, hilo halina ubishi. Lakini mwaka wa kile kiangazi kirefu, tishari, yaani kile chombo bapa kinachosukumwa na boti, lilikuwa gatini likisubiri safu ya juu kabisa. Juu huwekwa makontena yasiyo na kitu, kwani uzito ukikaa juu, chombo hupinduka kwenye kona ya kwanza yenye mkondo mkali. Karani wa bohari akasema kwenye redio kwamba yale ya ukutani yapandishwe, ni makontena matupu. Alimaanisha pale pana makontena tu, hakuna magunia, makuli wasisumbuliwe. Dereva wa kreni akaelewa kwamba hayana kitu ndani. Watu sita walikuwa tayari kwenye boti, injini inanguruma. Fundi wa injini hiyo ni mume wangu.

Minyororo ilikuwa imeshafungwa kwenye kontena la kwanza Bi Hebu alipoona lakiri mlangoni, kile kifungo kinachokatwa mzigo ukifika. Akasimama mbele ya kreni, mikono kiunoni, akauliza ni nani hufunga kufuli nyumba isiyo na kitu. Dereva akamwambia shangazi tupishe, matupu ni matupu. Karani akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajasema uongo. Nahodha akapiga honi mfululizo. Bi Hebu hakumwamini yeyote kati yao, akaagiza lakiri ikatwe.

Ndani mlijaa vigae vya sakafu. Nilikuwa nimesimama pale. Nilikaa chini kwenye vumbi na sare yangu ya kazi.

Tangu siku hiyo neno matupu limepigwa marufuku kwenye redio ya bandari. Karani na dereva hawakusemezana hadi mvua za kwanza, kila mmoja akimshuku mwenzake. Walipopatana, Bi Hebu akawashuku wote wawili.

Chini ya usimamizi wake, hakuna tishari hata moja lililopinduka. Amefundisha warithi watatu, na hamwamini hata mmoja, jambo ambalo wao wameanza kulihesabu kuwa ni heshima. Zawadi yake tumeifunga kwa nailoni inayoonyesha ndani, ili sherehe isicheleweshwe.

Bi Hebu, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na majirani wasio na la kuficha. Mume wangu hadi leo hajakusamehe kwa kumchelewesha safari ile. Hulalamika mezani, hulalamika kitandani, tena kwa sauti ya juu. Nami humwacha aseme, nikamsikiliza mpaka amalize.