Shangazi wa Kaunta, Aliyetutafutia Tovuti Mara Mbili

Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya samani, Shangazi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Jina lake kamili lipo kwenye mkataba wa kazi, lakini hata watu wa benki wakipiga simu humuulizia Shangazi. Kwa mwenye karakana ni shangazi wa damu, dada wa marehemu baba yake. Kwa sisi wengine ni shangazi wa kupewa, na hatujawahi kuona tofauti.

Alianza kazi enzi za kaka yake, akipiga msasa miguu ya viti. Hakudumu huko. Kila mteja aliyeingia kuulizia meza aliishia kupiga soga naye, mpaka kaka yake akaona heri amhamishie kaunta ili msasa uendelee. Hapo ndipo kipaji chake kilipojulikana. Aliwahi kumrudisha nyumbani bwana mmoja aliyetaka kabati la milango sita, akapime chumba kwanza. Bwana yule alirudi kesho yake akicheka peke yake, akaagiza la milango mitatu. Vita yake na fundi mkuu kuhusu vumbi la mbao juu ya kaunta haikuwahi kupata mshindi, na wote wawili walionekana kuifurahia.

Lakini ukimuuliza yeyote hapa Shangazi ametufanyia nini, atakusimulia habari ya tovuti.

Miaka michache iliyopita kazi ilikauka. Duka kubwa la samani za kuagizwa lilifunguliwa mtaa wa pili, na mafundi wetu wakawa wanakuja kazini kwa zamu. Mwenye karakana alikwishaanza kufikiria kupangisha nusu ya jengo. Shangazi ndiye aliyesema kwamba siku hizi mtu huanza kutafuta kitanda kwenye simu kabla hajavaa viatu, kwa hiyo tutafute kampuni ya kututengenezea tovuti. Mpwa wake hakuafiki.

"Shangazi, sisi tunauza mbao, hatuuzi picha," alisema.

Shangazi alimsumbua mpaka akakubali, kwa sharti kwamba kampuni aichague Shangazi mwenyewe na lawama azibebe yeye.

Akachagua vijana nadhifu wenye ofisi ya vioo na kahawa nzuri. Baadaye alikiri kwamba ile kahawa ilichangia. Hawakufika karakana hata mara moja. Waliomba jina la biashara, namba ya simu na rangi anayoipenda, basi. Tovuti ilipofunguliwa, ilimetameta kweli: sofa nyeupe pe, na familia zinacheka katika sebule ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzikanyaga. Tulipiga makofi. Hakuna aliyejiuliza zile samani ni za nani.

Jibu lilikuja na mzee mmoja aliyekuwa anamwozesha binti yake. Aliingia na simu mkononi, akaonyesha kitanda kwenye tovuti yetu, akasema anataka hicho hicho. Fundi mkuu alikitazama, akatikisa kichwa. Hatukuwahi kutengeneza kitu kama kile. Hata mbao zenyewe hazikuwa mbao, ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi juu.

"Mwanangu nimeshamwonyesha," mzee akasema taratibu. "Sasa nikamwambie nini?"

Mwenye karakana alifungua mdomo kusema kwamba picha ni za mfano tu. Shangazi akamtangulia.

"Baba, ile picha si ya kwetu. Tumekosea, na aliyekosea hasa ni mimi. Kaa hapa, mpigie binti, tuchore chake."

Binti alipigiwa. Kwa simu aliagiza kichwa cha kitanda kipindwe hivi, kichongwe vile, na fundi mkuu akawa anachora kwenye kipande cha ubao huku akinung'unika kwamba bibi harusi ana mambo mengi. Kitanda kilimalizika kabla ya harusi, cha mbao ngumu, na mzee alikipiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe aliyenona.

Siku ile ya kwanza, mzee alipotoka tu, mpwa hakuweza kujizuia. "Shangazi, si nilikuambia?"

"Uliniambia. Sasa nipishe nikarekebishe."

Tovuti ilishushwa jioni ile ile. Ndipo tukagundua kwamba hata anwani yake ya mtandaoni ilikuwa imeandikishwa kwa jina la wale vijana, ikabidi tuwaachie. Shangazi aliumia. Kwa muda mrefu hata vumbi la kaunta hakulilalamikia, na fundi mkuu akaanza kulifuta mwenyewe, jambo lililotutia wasiwasi zaidi.

Safari ya pili alitafuta kampuni kama mtu anayemchagulia mdogo wake mchumba. Ofisi hakuzitazama. Aliomba majina ya wateja wao wa zamani, akawapigia mmoja mmoja kuuliza: mambo yakiharibika, hawa watu wanapokea simu? Mwisho akawapata wanawake wawili wenye chumba kidogo juu ya duka la vipuri. Kabla ya kugusia rangi, waliuliza kama wanaweza kuja kushinda nasi siku moja.

Walikuja. Walipiga picha randa ikiwa kazini na vitanda vikiwa bado havijapakwa vanishi. Walikaa kaunta wakiandika maswali ya wateja, na majibu ya Shangazi ndiyo yakawa maneno ya tovuti. Fundi mkuu aliikimbia kamera. Shangazi alimfuata mpaka stoo.

"Nusu ya mji huu inalala juu ya kazi yako, halafu leo unajificha nyuma ya mbao?"

Akatoka. Kutabasamu alikataa, akapigwa picha hivyo hivyo. Na safari hii anwani iliandikishwa kwa jina letu, Shangazi akiwa amesimama pembeni anashuhudia.

Simu hazikumiminika. Nyingi za mwanzo zilikuwa za kuuliza tulipo. Kisha akaja mwenye nyumba ya wageni akitaka vitanda, kisha shule ya chekechea ikataka viti. Polepole mafundi walirudi kazini wiki nzima, na habari ya kupangisha jengo ikafa yenyewe.

Sasa anakwenda kuishi na dada yake mwenye bustani ya mboga, ambaye ametuomba tumkumbushe mdogo wake kwamba bustani haina kaunta.

Fundi mkuu ameombwa aseme neno kwenye hafla, amekataa katakata. Amenituma niandike hili. Mama yake anaishi mbali na hajawahi kuiona karakana. Jirani alimfungulia tovuti yetu kwenye simu, naye akawaita majirani wote waje kutazama, kisha akampigia mwanawe: "Kumbe ndiyo kazi unayofanya? Mbona miaka yote unaniambia unapiga misumari tu?" Fundi anasema shukrani za siku ile bado hajampa Shangazi mwenyewe.

Basi azipokee leo, pamoja na zetu sote. Shangazi, ahsante. Nenda salama, ulale vizuri, na afya isikupungukie. Tutakupigia simu, na tunajua utapokea.