Maneno ya Mama Katungu juu ya Jetoni ya Kibati

Mwalimu Léopold, direkta wa shule ya binti yangu Ange, ndiye aliyeniambia kwanza. Ijumaa nilikwenda kumuuliza kwa nini jina la mtoto wangu limefutwa kwenye orodha ya darasa. Akashangaa. "Kaka yake Kambere amekwisha kuchukua karatasi zake. Anampeleka Butembo Jumatatu." Nikamwambia kwamba Ange hana kaka, na Kambere ni baba yake mdogo. Akafungua faili, akatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa iliyobaki, na kuigeuza upande wangu. Penye jina la mama kulikuwa na Katungu, mama wa marehemu mume wangu Paulin. Jina langu, Nshobole, halikuwa popote. "Sasa wewe, mama, ni nani kwa huyu mtoto?" aliuliza, bila ubaya.

Mimi naona haya kusema mbele za watu. Nilirudi nyumbani Majengo, hapa Goma, nikilia, nikamweleza mama mkwe, ambaye alikuwa mgonjwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa. Jumapili baada ya misa aliita watu wote wa nyumba chumbani kwake, akasema maneno haya. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

*

Sikilizeni, wanangu, na musinikate maneno, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na mwenyewe amekwisha kufika mulangoni kuidai. Kambere, kaa chini. Zima hiyo telefone, lori lako la Butembo haliondoki leo. Sylvie, binti yangu, niinue mugongo. Unasema Ange atoke? Abaki. Tumemusema vya kutosha wakati hayuko.

Nina hasira, na hasira ya mugonjwa ni mbaya, kwa sababu haina miguu ya kwenda nayo popote, inalala naye kitanda kimoja. Nitaanza na hasira juu yangu mwenyewe, ndipo nitafika kwako, Kambere, usijifiche nyuma ya dada yako.

Mwaka ule wa 2008, tulipokimbia vita Rutshuru, Paulin alirudi nyuma kuchukua godoro. Godoro la sifongo! Nilimuita mpaka sauti ikakatika, na hatukumuona tena. Tukafika kambi ya Kibati, tukajenga kihema juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha juu na maji yakipita chini. Siku ya kuhesabiwa, Nshobole alikuwa ameshuka Goma kwa miguu kuuliza hospitali moja moja kama wamemupokea bwana yake. Aliniachia Ange mugongoni, mutoto wa miezi kumi na moja. Watu wa shirika la musaada walipita na madaftari yao wakisema kila mutoto asiye na mama hapo ataandikwa pamoja na waliopotea, apelekwe kwenye kituo. Nikasema, huyu ni wangu, ni kitinda mimba. Musichana mwenye kalamu akanitazama hizi mvi, akacheka: "Mama, kwa umri huu?" Nikamujibu kwamba Mungu hakumuuliza Sara umri. Akaandika. Akanipa jetoni, ile kadi ya kupokelea chakula cha kambi.

Uongo ule siujutii. Padri alitaka niuungame, nikamuambia, mon père, ruka huo, twende kwa mwingine. Ulikuwa uongo wa woga na njaa, na Nshobole aliporudi mikono mitupu nilimurudishia mutoto wake, na maharagwe ya jetoni tulikula sote.

Uongo wa pili ndio unaonila. Tulipokuwa tumehamia hapa Majengo, shule iliomba cheti cha kuzaliwa. Ningemutuma mama yake. Lakini mwaka ule kulikuwa na Modeste, yule kijana wa Bukavu aliyekuwa akikuja kumuposa Nshobole, na viatu vyake vinavyong'aa. Kila nilipomuona nilisema moyoni, huyu atamuchukua muke, na muke ataondoka na mutoto, na mimi nitabaki na nini cha Paulin? Hata kaburi sina. Basi nikachukua jetoni ya Kibati, nikamuchukua Nzabonimpa aliyekuwa jirani yetu kambini, tukaenda tribinali tukaapa kwamba mimi ndiye niliyemuzaa Ange. Niliinua mukono huu. Walituamini, kwa nini wasituamini? Bibi mwenye rozari shingoni! Na Modeste nilimumwagia maji ya kuoshea sahani, akaenda na viatu vyake, hakurudi. Nshobole, uliniuliza siku ile kwa nini amekasirika. Nilikuambia sijui. Nilijua.

Usilie. Machozi yako pia yananikasirisha! Miaka yote hii ulikuwa unanipikia, unaniosha, na ulipoona cheti hicho juzi ulikuja kunilalamikia kwa sauti ya mutu anayeomba chumvi. Ungevunja sahani. Ungenitukana. Uchungu wa mwana aujuaye ni muzazi, lakini jaji hasomi moyo, anasikia mudomo.

Sasa wewe, Kambere. Nilifanya uovu kwa sababu ya kupenda. Wewe unafanya kwa sababu gani? Muke wako Butembo amezaa mapacha, anataka wa kubeba maji na wa kufua. Ulifungua sanduku langu nikiwa nimelala, ukaona kile cheti, ukasema: vizuri, huyu kwa karatasi ni dada yangu, mama akifa mimi ndiye mukubwa, nitamupeleka ninapotaka, na mahari yake itakuja kwangu. Mutoto wa miaka tisa, umekwisha kumuhesabia mahari!

Unasema nini? Mbuzi? Ndiyo, tulipeleka mbuzi za mahari ya Nshobole kwao Bukavu. Wao Bashi walitaka ng'ombe, wakazitazama mbuzi zetu wakatucheka mpaka mushenga wetu akakosa pa kuweka macho. Lakini niambie, kati ya mbuzi zile ni ipi iliyomunyonyesha Ange? Ni ipi iliyokesha naye alipopata surua? Mila yetu ilisema mutoto ni wa ukoo wa baba ili asikose watu wa kumulinda. Haikusema anyang'anywe mama yake aliye hai. Umeshika fimbo ya mila kwa upande usiofaa, unapigia watoto.

Nilimuita Mirindi, huyu jirani yetu avoka, mutu wa sheria, jana mulipokuwa sokoni Birere. Nilimuuliza kama mutu anayekufa anavyouliza, bila kuzunguka. Akaniambia: mama wa mutoto ni yule aliyemuzaa, na uzazi hautolewi kwa mudomo wala kwa jetoni. Akaniambia mutoto akigombaniwa, jaji hatazami nani ana mbuzi, anatazama kwanza mutoto atakuwa salama wapi, na atamuuliza mutoto mwenyewe. Na karatasi iliyopatikana kwa uongo, tribinali iliyoitoa inaweza kuisahihisha, lakini lazima muongo aungame. Basi nimeungama. Mirindi ameandika yote, amenisomea mara mbili, nimetia kidole mbele ya shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu. Nzabonimpa naye ametia chake. Alitetemeka kuliko mimi, mujinga yule, kana kwamba ni yeye anayekufa.

Nipe maji, Sylvie. Kidogo.

Mambo ya vitu ni mafupi. Shamba la Butembo ni lako, Kambere, pamoja na duka. Vinatosha. Mutoto hayumo kati ya vitu. Nyumba hii ya mbao, Sylvie na Nshobole wakae ndani yake, na yeyote atakayemutoa Nshobole kwa sababu eti si wa kabila letu, mumuambie kwamba Katungu anamungoja huko aliko. Kitenge changu cha Pasaka munizike nacho, musimupe mutu.

Ange, kuja. Karibu zaidi. Mama yako ni huyu. Hukuwa umepotea. Mimi ndiye... mimi ndiye niliyepoteza njia nikiwa nimekubeba. Ukiulizwa na jaji, useme unachotaka wewe, si ninachotaka mimi.

Nshobole. Ofisi ya tribinali itafunguliwa kesho. Kama nitakuwa hai, uende. Kama nitakuwa nimekufa... uende vilevile. Usikie vizuri. Wataleta mikeka, watakuambia muke wa mwana haachi maiti ya mukwe wake. Mimi maiti nakuambia uniache. Nitajililia mwenyewe. Lori ni la asubuhi, na Kambere ninamujua, nilimuzaa mimi, huyo hana cheti cha uongo.

Mungu awape... awape kulala mahali pamoja miaka mingi, musibebe tena vyombo kichwani usiku wa risasi. Awape chakula kisichoombwa kwa jetoni. Kambere, mwanangu, nawe pia. Kuja nikuguse kichwa. Kuja... Basi. Atakuja.

Sylvie, nilaze.

*

Alifariki Jumatatu alfajiri. Kulipopambazuka, wanawake wa chama chake cha parokia walikuwa wamekwisha kujaa uani na mikeka. Nilimfunga Ange kitambaa kichwani, nikaweka karatasi ya Mirindi ndani ya blauzi, nikapita katikati ya watu waliokuwa wakiimba. Wengine waligeuka kunitazama. Kambere alikuwa amesimama kwenye lango, na begi la Ange mkononi. "Muke gani wewe," akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "unaacha maiti ya mukwe ndani ya nyumba? Kwenu Bukavu ndivyo munavyolia?"

Nilichukua begi mkononi mwake. Aliliachia, nafikiri kwa kushangaa. Ange alinishika vidole kwa nguvu mpaka vikauma. Sikumjibu Kambere. Maneno yangu ni machache, na asubuhi ile nilikuwa ninayapeleka yote kwa jaji.