Mbegu Nilikula Mbele ya Batu

Bandugu na bamama wa chama yetu, hii kovu ku kichwa yangu munaionaka kila réunion. Leo nitawaambia ilitoka wapi.

Mi nilikuwaka muongo wa mbegu. Nilikuwa nanunua mahindi ya kawaida, ya kukula, naipaka rangi nyekundu, njo nauzisha balimaji wa Luofu: "Mbegu ya kisasa, ya dawa!" Munajua, mbegu ya kweli banaipaka dawa, njo inakuwa nyekundu, ukiikula, utakufa. Yangu ilikuwa rangi tu.

Saison ya kulima ikapita. Majani ilikuja, lakini masuke, bure kabisa. Na mimi, bila haya, siku ya soko nikarudi na mifuko ingine! Batu bakanizunguka na mapanga. Nikaapa: "Ni ya kweli, Mungu ananiona!" Mama moja, mukimbizi wa vita ya kule Mavivi, akachota ile mbegu, akanipa mu mukono. "Kama ni ya kweli, iko na sumu. Kama ni ya uongo, ni chakula. Kula."

Bandugu zangu, nawaambia, woga inaondoaka akili. Niliona mapanga tu. Nikatafuna haraka, nikameza, nikafikiri nimepona.

"Angalieni, hafi!" mutu moja akapiga kelele.

Ni hapo mawe ilianza. Mwingine akanipiga jembe ku kichwa, damu ikanifunga macho. Bakanivalisha pneu, mupira ya gari, ku shingo. Nikasikia essence, petroli ya kunichoma, inashuka baridi ku mugongo. Nilijikojolea, sitaficha.

Ile mama akaingia katikati, akavuta ile pneu na mikono yake. "Mumuache! Damu nilishaona ya kutosha. Bwana yangu balimukata mbele yangu. Mi hapana nataka maiti, nataka mahindi. Huyu atanilimia."

Nikamulimia saison muzima, kichwa na bandage. Agronome wetu, mutaalamu wa kilimo wa hii chama, akaleta mbegu ya kweli, akanifundisha kuipanda mbali na mahindi ya bajirani, isichanganyike, na kung'oa yenye ugonjwa. Siku ya kuvuna, mama akanipa sahani ya kwanza. Nililia sawa mutoto.

Wasingya, mama, aksanti sana. Wasingya, agronome. Na weye wa jembe, nakuona kule nyuma, hapana kuinama! Tulishasameheana.

Basi, bandugu, musinunue rangi. Otesheni kwanza kidogo mu sahani, muone. Hii mifuko munaona hapa ilitoka mu shamba yangu mwenyewe, na niliipaka dawa ya kweli. Leo, hata mukinivalisha tena ile pneu, hii mbegu siwezi kuikula.